Hayupo Kwenye Kompyuta

Ukiambiwa ofisini kwamba jina lako halipo kwenye kompyuta, mara nyingi kilichotokea ni kitu kidogo tu: karani ameandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, amebonyeza kitufe, na skrini imebaki tupu. Utupu huo ndio unaogeuzwa kuwa jibu. Watu wamerudishwa makwao kwa jibu hilo, wengine wametoka mbali na nauli wamekopa. Mimi ni fundi wa kompyuta, na kwa miaka mingi chombo changu cha kila siku kimekuwa amri moja ya Linux iitwayo grep, ambayo kazi yake ni kupekua mafaili na kukutolea kila mstari wenye maandishi uliyoyaomba. Niliyojifunza kwa kuitumia ndiyo yanayonifanya nisikubali upesi mtu akiambiwa hayupo.

Grep nilifundishwa katika kampuni moja ya huduma za intaneti jijini Dar es Salaam, miaka ya mwanzo ya 2000. Fundi mkuu wetu, tuliyezoea kumwita Kaka, hakuwa mtu wa maelezo mengi. Siku hiyo mteja alikuwa amepiga simu kulalamika kwamba kuna barua pepe anaisubiri tangu asubuhi na haijafika. Kaka akanikalisha mbele ya skrini nyeusi ya seva, akanisogezea kibodi, akauliza, "Mstari unaoutafuta unafananaje?"

Nikamjibu kwamba natafuta anwani ya mteja.

"Sikukuuliza unatafuta nini. Nakuuliza seva yenyewe imeuandikaje."

Akafungua faili ambamo seva ya barua huandika kila inachokifanya, tukasoma kwanza kwa macho. Tarehe, saa, jina la seva, namba ya ujumbe, kisha anwani ya mpokeaji ikiwa ndani ya alama za < na >, na mwishoni `status=` ikifuatwa na neno linaloeleza barua imefikia wapi. Tulipokwisha kuona umbo la mstari ndipo akaniruhusu kuandika amri: tafuta mistari yote yenye `to=<` na jina la mteja, kisha pitisha matokeo kwenye `grep -v 'status=sent'`, yaani ondoa mistari ya barua zote zilizofika salama. Ikabaki mistari michache, na kila mmoja ulisema jambo lilelile: sanduku la mteja limejaa. Kaka akapiga simu mwenyewe kumweleza. Mchana akanionyesha pia kwamba seva haiweki kumbukumbu zake zote katika faili moja. Kila baada ya muda hulifunga la zamani, hulibana, na kuanza jipya, na grep ya kawaida haisomi ndani ya faili lililobanwa kwa gzip. Kwa hayo kuna zgrep. Asiyejua hilo atatafuta tukio la wiki iliyopita ndani ya faili la leo, halafu aape kwamba halikutokea.

Namna grep ilivyozaliwa nilikuja kuisoma baadaye katika simulizi za Brian Kernighan, aliyekuwepo kwenye maabara ya Bell Labs kule New Jersey wakati mfumo wa Unix unaundwa. Mwenzao mmoja, Lee McMahon, alitaka kuchunguza Federalist Papers, makala 85 zilizotolewa mwaka 1787 na 1788 kuitetea katiba mpya ya Marekani. Waandishi wake watatu, Alexander Hamilton, James Madison na John Jay, walijificha nyuma ya jina moja la Publius, na kwa baadhi ya makala mabishano ya nani hasa aliandika yalidumu miaka mingi. McMahon alitaka kulinganisha jinsi maneno yalivyotumika. Kihariri cha maandishi cha wakati huo, ed, kiliweza kutafuta vizuri, ila kilitaka kwanza kulibeba andishi zima ndani ya kumbukumbu ya mashine, na kumbukumbu ya kompyuta yao, PDP-11, ilikuwa ndogo mno kwa makala zote hizo. Mwenzao mwingine, Ken Thompson, akaichomoa sehemu ya kutafutia kutoka kwenye ed, akaifanya programu inayojitegemea, inayosoma mstari mmoja, kuutoa au kuuacha, na kwenda kwenye unaofuata. Mwaka 1973 grep ikaingia katika toleo la nne la Unix. Naipenda asili hiyo kwa sababu kazi iliyoizaa ilihusu watu: kalamu hii ni ya nani?

Hii iliyomo kwenye Linux si ileile ya Thompson. Ni ya mradi wa GNU, iliyoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Mike Haertel, na kasi yake inatokana na hila waliyoichapisha Robert Boyer na J Strother Moore mwaka 1977. Ukiiambia itafute "Athumani", neno lenye herufi nane, haianzi na herufi ya kwanza. Inatazama ya nane. Ikikuta hapo kuna "k", herufi ambayo haimo kabisa katika "Athumani", inajua hakuna namna neno hilo likawa limeanzia popote katika hizo nane, basi inaziruka zote kwa mpigo. Sehemu kubwa ya faili haiguswi kabisa. Ndiyo maana kompyuta ya zamani, ambayo haiwezi hata kufungua kivinjari cha leo, inapekua rejesta za miaka kumi kabla hujamaliza kuvuta pumzi.

Jina hilo la Athumani sikulichagua ovyo. Ni sehemu ya jina nitakalompa mzee mmoja ambaye jina lake la kweli naliacha. Tumwite Athumani Hamisi.

Nilikuwa nimehamia Mkoa wa Tanga. Mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo cha wakulima, rafiki yangu, aliniomba nimsaidie kwenye jambo lililokuwa linamnyima usingizi. Mjane wa mzee huyo alikuwa amefika ofisini na kadi ya uanachama ya marehemu mumewe, ya manjano, imekunjwa mara nne, pini imeshika kutu. Jina lilisomeka. Namba ya uanachama ilikuwa imefutika, zikabaki tarakimu mbili za mwisho, 47. Chama kilikuwa kimebadilisha mfumo wa kompyuta, na katika mfumo mpya Athumani Hamisi hakuwepo. Tena mjumbe mmoja wa bodi alikumbuka kwamba mzee aliwahi kuchukua mkopo, hivyo hata akionekana huenda ni yeye anayedaiwa. Mama alikaa kwenye benchi la nje, hakulalamika, akawa anarudi kila siku ya gulio.

Kompyuta ya zamani ilikuwa stoo chini ya magunia. Tulitoa diski yake, nikanakili kila kitu kwenye laptop yangu. Ripoti za hisa za kila mwezi zilikuwemo kama mafaili ya maandishi, zimepangwa katika folda za miaka. Nikaandika:

`grep -rni 'athumani hamisi' rejesta/`

Yaani ingia folda zote, nipe namba ya mstari, usijali herufi kubwa wala ndogo. Haikurudisha kitu. Mhasibu akashusha pumzi na kuanza kukusanya karatasi zake.

Nikamwomba anipeleke kwa aliyekuwa karani miaka hiyo. Alikuwa bibi aliyestaafu, anauza vitumbua asubuhi kwake. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimuuliza swali la Kaka kwa namna yangu: majina mlikuwa mnayaandikaje? Akacheka. "Mwanangu, madaftari ya mwanzo aliyaingiza kwenye kompyuta kijana wa Pemba. Mimi nilikuwa namsomea, yeye anaandika. Kwao hakuna Athumani. Kuna Othman."

Kila anayeishi baina ya mwambao na visiwa anajua hili, ila hatulikumbuki tunapoketi mbele ya kibodi. Hamisi wa bara ni Khamis wa Unguja na Pemba. Athumani ni Othman, Uthman, na kwa wengine Athuman bila irabu ya mwisho. Mtu ni mmoja, na kwa sikio jina ni moja. Kwa mashine ni majina tofauti kabisa. Nikarudi kwenye laptop nikaandika swali lililokubali njia zote hizo:

`grep -rniE '[aou]thu?mani? +k?hamisi?' rejesta/`

Mabano ya mraba yanasema herufi yoyote mojawapo kati ya hizi. Alama ya kuuliza inasema herufi iliyoitangulia inaweza kuwepo au isiwepo. Ile alama ya kujumlisha baada ya nafasi inasema nafasi moja au zaidi, kwa sababu ripoti hizo zilipangwa kwa safu, na kati ya jina la kwanza na la pili kulikuwa na nafasi nyingi. Sababu hiyo peke yake ingetosha kulikosesha jibu swali langu la kwanza hata kama tahajia ingekuwa ileile. Mistari ikaanza kushuka:

`rejesta/2001/hisa-06.txt:218:0347  OTHMAN    KHAMIS`

`rejesta/2003/hisa-01.txt:224:0347  UTHMAN    KHAMIS`

0347. Tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zilezile za kwenye kadi. Sasa sikuwa na haja ya jina tena. Nikatafuta namba, `grep -rnw 0347 rejesta/`, na humo akatokea hata mahali ambapo karani mwingine alimwandika "A. Hamisi" tu, mstari ambao sidhani kama ningeufikia kwa kubuni tahajia. Tangu siku hiyo jibu la kwanza ninalopata silichukulii kama mwisho wa kazi. Nalisoma nione limebeba nini, namba, tarehe, jina la kijiji, ambacho kitanipa swali bora kuliko nililoanza nalo.

Ila katika folda za 2007 na 2008 hakuonekana kabisa, si kwa jina wala kwa namba, na mwaka 2009 alirudi. Mwanachama hajifichi miaka miwili. Nikaiuliza Linux hayo mafaili ni ya aina gani, kwa amri iitwayo `file`, ikajibu kwamba ni maandishi ya UTF-16. Mtu wa ofisini alikuwa ameyahifadhi kutoka kwenye programu ya majedwali kwa mtindo ambao kila herufi inachukua nafasi mbili, na kwa herufi zetu za kawaida nafasi moja kati ya hizo inakuwa sifuri tupu. Ukilifungua faili kwenye skrini unaona maneno sawasawa. Grep inaona 0, kisha sifuri tupu, kisha 3, kisha sifuri tupu, hivyo 0347 haipo popote ikiwa imeshikana. Haikulalamika. Ilinyamaza tu. Tuliyageuza mafaili hayo kwenda UTF-8, mtindo ambao grep inausoma, kwa `iconv -f UTF-16 -t UTF-8`, tukatafuta upya, na mzee akaonekana miezi yote, akilipa hisa zake bila kuruka.

Kimya cha namna hiyo ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu hata grep yenyewe haijui kwamba haikuona. Panapokuwa na tatizo inaloweza kulitambua, husema. Ikimaliza kazi huacha nyuma namba ambayo unaweza kuisoma kwa `echo $?`: 0 kama imepata, 1 kama imetazama ikakosa, 2 kama kuna hitilafu, kwa mfano faili ambalo haikuruhusiwa kulifungua. Waliotengeneza chombo hiki walijali kutenganisha "nimetazama sikuona" na "sikuweza kutazama". Mafundi wengi wa siku hizi huongeza `2>/dev/null` mwishoni mwa amri ili maneno ya makosa yasiwasumbue kwenye skrini. Sipendi tabia hiyo, hasa katika kazi inayogusa haki ya mtu. Acha makosa yaonekane, uyasome, ujue ni chumba gani hukuingia.

Ukabaki mkopo. Mihtasari ya vikao vya bodi ilikuwa imeandikwa kwa programu ya ofisi, na mafaili ya namna hiyo si maandishi tupu, hivyo nikayageuza kwanza kwa LibreOffice. Mama alitueleza kwamba mkopo ulikuwa wa ng'ombe wa maziwa. Neno hilo lina mtihani wake kwenye Linux. Ukiandika `grep ng'ombe mihtasari.txt`, kompyuta inaichukulia ile ritifaa kuwa mwanzo wa nukuu, inakaa kungoja nukuu ifungwe, na inakuonyesha alama ya > kwenye mstari mpya. Anayeanza hudhani mashine imeganda. Ukilifunga neno ndani ya nukuu mbili hilo linaisha, ila linakuja jingine: programu za ofisi hupenda kuigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na kwa mashine, hizo ni herufi mbili tofauti. Kisha wapo wanaoandika "ngombe" bila ritifaa kabisa. Nikaandika `grep -nE 'ng.?ombe'`, nukta ikisimama badala ya herufi yoyote moja na alama ya kuuliza ikiruhusu pasiwe na kitu. Vikao vyote vilivyozungumzia ng'ombe vikajipanga mbele yetu.

Kutafuta malipo kulinifundisha zaidi. Vitabu vingi vya Linux huanza mapema kumfundisha msomaji `-w`, inayotafuta neno zima peke yake. Kwenye Kiswahili, ukitafuta `lipa` kwa `-w` utakosa amelipa, hajalipa, walilipa, na karibu kila mahali ambapo mtu amelipa kweli. Ukiiondoa hiyo `-w`, unazama upande wa pili: alipata ina "lipa" ndani yake, alipanda pia, na alipewa ina "lipe", alipiga ina "lipi". Wakati uliopita wa lugha yetu, ukikutana na kitenzi kinachoanza na "p", unatengeneza malipo yasiyokuwepo. Nilichogundua ni kwamba Kiswahili huachwa wazi mbele, mahali pa viambishi, na kufungwa nyuma:

`grep -nE 'lip(i?w?[ae]|i)\b|malipo' mihtasari.txt`

Ile `\b` ni mpaka wa neno. Kwa hiyo amelipa inapita, halipi inapita, imelipwa na amelipia zinapita, lakini alipata inazuiwa kwa sababu baada ya "lipa" neno halijaisha. Malipo nikayapa mlango wake, maana kama ningeongeza "o" kwenye mabano yale, kila "alipo" na "walipo" ingeingia. Sijaona kitabu kinachomfundisha hivi mtu anayetafuta katika maandishi ya Kiswahili, na naamini wanafunzi wa vyuo vyetu wanastahili kufundishwa, kwa sababu maandishi watakayoyapekua makazini ni haya ya kwetu.

Tuliongeza `-B 2 -A 4` ili kila mstari uje na miwili ya juu yake na minne ya chini. Katika muhtasari wa kikao kimoja cha mwaka 2006, chini ya mikopo ya mifugo, lilikuwepo jina lake likiwa limeandikwa kama kwenye kadi, na mstari wa chini yake: amelipa mkopo wote pamoja na riba. Mhasibu aliusoma kwa sauti, akausoma tena. Tukauchapisha pamoja na mistari ya rejesta, na juu ya kila ukurasa tukaweka jina la faili na namba ya mstari, ili mjumbe yeyote akitaka kuhakiki afike penyewe. Bodi ilikaa, ikakubali, mama akalipwa hisa na akiba za mumewe.

Siku hizi kuna vyombo vya kasi zaidi. Ninachokitumia mara nyingi ni ripgrep, alichokiandika Andrew Gallant na kukitoa mwaka 2016, na ni kizuri sana kwa folda kubwa za msimbo wa programu. Ila chenyewe, usipokiambia vinginevyo, huruka mafaili yaliyofichwa na yale yaliyoorodheshwa kwenye `.gitignore`, hivyo kwa kazi ya rejesta na kumbukumbu nakitumia kwa kukiambia waziwazi kisiruke kitu, au narudi kwenye grep.

Wewe unayeshika rejesta ya watu, iwe ya chama cha mikopo, shule, zahanati au msikiti, nakuomba jambo moja. Kabla mfumo mpya haujawashwa, mdai fundi anayekuuzia akutolee ya zamani yote kwa maandishi tupu ya UTF-8, na namba za wanachama zibaki zilezile katika mfumo mpya. Nakala moja iwekwe ofisini, nyingine mbali na ofisi. Andika pia karatasi moja inayosema nani aliingiza majina katika miaka ipi, na uihifadhi humohumo. Gharama yake haizidi diski moja ya nje na mchana mmoja wa kazi.